Ndege Wasaidiao Shamba

Pande za Bariadi, mkoani Simiyu, pamba ina adui mkubwa, naye ni funza wa vitumba. Funza huyo akiisha kushiba hushuka chini, hujichimbia udongoni, na humo hulala ndani ya ganda hata atoke nondo, atakayetaga mayai tena. Basi mtu alimapo baada ya kung'oa miti ya pamba, kuku humfuata nyuma, wakiparua na kudonoa maganda yale. Lakini bustanini kuku wasiingie miche ingali midogo, kwani huifukua, na mchicha huula wenyewe! Kanga ni afadhali, maana haparui sana.

Ndege wa porini nao husaidia. Tazameni yangeyange: huandamana na ng'ombe malishoni, akikamata panzi waliofurushwa na kwato. Korongo weupe hutoka Ulaya kila mwaka, nao hupenda sana viwavijeshi. Bali kwelea-kwelea msimhesabu miongoni mwao. Ijapokuwa hulisha makinda yake wadudu, makundi yake huumaliza mtama na uwele.

Tena, shamba likinyunyizwa dawa ya sumu, fungeni kuku wenu, kwa maana kuku adonoaye mdudu mwenye sumu aweza kufa naye.