Vifaranga Ndio Kipimajoto

Wanachama wenzangu, hapa kwetu Kakamega kuku, yaani ingokho, ni heshima ya mgeni. Lakini mwaka jana vifaranga wangu 9 kati ya 20 walikufa kwa baridi ndani ya boksi. Vitabu vya kilimo vyasema juma la kwanza wapewe joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha upunguze 3 kila juma. Kipimajoto sina! Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, waangalie tu." Kweli, wakirundikana wanasikia baridi, wakilikimbia jiko na kuhema, joto limezidi. Dirisha liwe wazi kidogo, maana gesi ya makaa huua. Walishe mkononi kila jioni, watakuzoea. Safari hii wote 20 wako hai. Tahadhari kabla ya hatari!