Kutoka Mlimani Hadi Mapango ya Watamu: Mwongozo wa Usalama Majini

Kwa nani?

Kwa vyama, makanisa, shule na jamaa za Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na Nyahururu wanaoteremka Pwani wakati wa likizo. Wengi wakifika Watamu hukodi boti ili waogelee kwa miwani na mrija. Hifadhi ya baharini ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwenye mlango wa hori ya Mida kuna mapango ya miamba wanamokaa tewa, samaki anayeweza kupita urefu wa mita 2. Kila mtu hutaka kumwona. Shika jambo moja: uamuzi wa kuingia pangoni hufanywa ukiwa botini. Ukishakuwa majini umechelewa.

Mto si bahari

Aliyejifunza kuogelea Sagana au kwenye vidimbwi vya msitu wa Ngare Ndare amezoea maji yaendayo upande mmoja. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila zamu huchukua takriban saa 6. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji hayo yote ya hori ya Mida hupita kwenye mlango mwembamba, kwa kasi inayomshinda hata mwogeleaji hodari.

Nafasi salama ni ile fupi ambapo maji husimama kabla ya kugeuka. Siku za maji mafu, kinyume cha bamvua, mkondo hupungua. Kumbukeni pia kwamba likizo ya Agosti huangukia msimu wa upepo wa kusi, bahari ikiwa na mawimbi na maji yakiwa yamechafuka kwa mchanga. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji huwa matulivu na maangavu zaidi.

Kwa nini pango huua

Mahali pa wazi, pumzi ikikuishia unainua kichwa. Pangoni, juu yako ni mwamba. Mrija hauna kazi ukishazama. Jaketi la kuokolea, ambalo nje ni rafiki, ndani hukubana darini na kukuzuia kuchovya kichwa utoke. Miguu ikitibua mchanga, mlango hauonekani tena.

Kwa hiyo mwenye miwani na mrija aelee nje ya pango na kutazama kutoka hapo. Kuingia ni kwa mzamiaji aliyefunzwa, akiwa na mwongozaji anayelijua pango hilo.

Usivute pumzi nyingi za haraka ili ukae chini muda mrefu. Hazikuongezei hewa ya kutosha. Hupunguza tu hewa chafu mwilini, ile inayokusukuma upumue. Mtu huzimia bila kuonywa.

Kabla ya kushuka botini

- Muulize nahodha maji yatageuka saa ngapi. Asipojua, msishuke.
- Kila abiria avae jaketi tangu ufukweni, mtoto avae la kumtosha.
- Jaribu miwani na mrija kwenye maji ya kifuani kwanza.
- Ogeleeni wawili wawili; mmoja akichovya kichwa, mwenzake amtazame.
- Nahodha abaki botini, na awahesabu watu wanaposhuka na wanapopanda.
- Asiyejua kuogelea atazame akiwa botini. Si aibu.
- Msikanyage matumbawe, msilishe samaki, msiokote makombe.
- Aliyekunywa pombe abaki ufukweni.

Mtu akizama

Mrushieni kitu kinachoelea, msiruke ovyo. Akitolewa akiwa hapumui, mpulizie pumzi 2, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, na mrudie hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Msimbonyeze tumbo kutoa maji. Pigeni 999 au 112. Hata akizinduka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa maana mapafu yanaweza kulemewa saa kadhaa baadaye.

Kurudi nyumbani

Aliyeogelea kwa mrija anaweza kusafiri siku hiyohiyo. Aliyezamia kwa mtungi wa hewa asubiri saa 24 kabla ya kupanda ndege au kuanza safari ya kurudi mlimani. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kupanda upesi hufanya gesi iliyobaki mwilini itoe mapovu kwenye damu na viungo. Pangeni uzamiaji wa mtungi mwanzoni mwa safari.

Maporomoko ya kwetu

Mapango yaliyo nyuma ya maporomoko yetu yanataka tahadhari iyo hiyo. Jua linaweza kuwaka kidimbwini huku mvua ikinyesha juu mlimani, na mto ukafurika kwa ghafla. Maji yakianza kubadilika rangi au kubeba majani na vijiti, tokeni mara moja mpande sehemu ya juu.