Kabla ya Bahasha ya Sadaka

Wadogo zangu, wengi wenu mliookoka karibuni mnaniuliza swali moja: "Dada, nafunga, naenda mikesha, kwaya sikosi, sasa kuishi Kikristo nyumbani nianzie wapi?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Anzia kwenye daftari la Mangi.

Ndiyo, lile daftari la madeni dukani kwake. Jina lako limo: mchele kilo mbili, sabuni, mafuta ya kupima, na pembeni "atalipa Ijumaa", Ijumaa ambayo haijafika hadi leo. Siku hizi unazunguka njia ya nyuma ili asikuone. Jumapili lakini unapita mbele ya kanisa zima na bahasha yako, tena kwa madaha. Mdogo wangu, Mangi naye anakuona.

Msinielewe vibaya, wokovu haununuliwi. Soma Luka 19. Yesu alijialika kwa Zakayo kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti. Ila alipopokewa hivyo, Zakayo mwenyewe alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Neema iliingia nyumbani ikagusa mfuko. Na Mathayo 5 inasema ukifika madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, sadaka isubiri, ukapatane naye kwanza.

Bibi na babu zetu walilijua hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kagera na Kenya, haukuishia kwenye nyimbo na machozi. Waliookoka walikwenda kwa majirani na waajiri wao, wakakiri, wakarudisha walivyoiba na kulipa walichodaiwa. Hata asiyekanyaga kanisani aliona kuna jambo limetokea.

Sasa nije kwenye deni linaloniuma zaidi: mshahara wa dada wa kazi. Anaamka kabla yako, analala baada yako, na mwezi wa pili huu unamwambia, "Vumilia mdogo wangu, Mungu atatenda." Mungu atende nini, na wewe umeshalipia sare mpya ya kwaya? Hela ile kwake ni ada ya mdogo wake kijijini, ni dawa za mama yake. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anazisikia. Basi unapokesha ukiomba, ujue kuna maombi mengine yanapanda kutoka jikoni kwako.

"Dada, lakini sina hela." Sawa, tuongee. Andika wote wanaokudai. Tangulia na mnyonge, yule asiyeweza kukufuata na mgambo. Wengine usiwakimbie: nenda mwenyewe, sema, "Sijasahau, nitakupa kidogo kidogo," kisha taja kiasi unachokiweza na ukitimize. Usikope kausha damu ili ulipe deni la dukani, utatoka shimoni uingie kisimani. Na akija mtu kukuahidi kwamba deni litafutika kwa maombi ukitoa sadaka maalumu, funga pochi yako uondoke.

Nanyi mnaodai, siku mdaiwa wako anapokuja na buku tano mkononi, pokea na umshukuru. Usilipeleke jina lake kwenye kikoba. Kukiri kunahitaji moyo, usimkomeshe asirudi tena.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Mshahara ukiingia, mlipe dada wa kazi kwanza, pitia kwa Mangi, halafu ndipo ujaze bahasha yako. Itakuwa nyembamba kidogo. Itoe hivyohivyo, bila aibu.