"Hiyo ni Troma, Mdogo Wangu": Maneno Tunayopeana Bila Kupima



Jumamosi moja nikiwa Kibiti, kwenye mwaka wangu wa uchungaji, kikao cha vijana kilichelewa kuanza (kama kawaida yetu) na watu wakawa wanapiga stori. Mmoja akasema timu yake imefungwa, kwa hiyo ana dipresheni. Binti mmoja akasema mchumba wake wa zamani alikuwa narsisti, kamwachia troma, na sasa anawakata watu wote wenye sumu maishani mwake. Tulicheka sana. Na mimi nilikuwa naongea hivyohivyo. Video fupi za makocha wa maisha nilikuwa naziangalia kuliko inavyofaa frateri kukiri.

Kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakucheka. Kwao ni Delta, walikuwa wanalima mpunga. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yaliwakuta mpunga ukiwa bado shambani, wakatoka usiku kwa mtumbwi. Alisubiri wenzake waondoke, ndipo akaniambia: "Frateri, mvua ikinyesha mimi silali. Naamka napapasa sakafu kama ina maji."

Nikamjibu kwa kujiamini, si nimesoma falsafa miaka mitatu! "Hiyo ni troma, mdogo wangu. Funga huo ukurasa, waza mambo chanya, kaa mbali na chochote kinachokukumbusha." Akasema sawa, asante. Halafu hakuonekana wiki tano.

Sasa tujifunze kidogo, maana mimi nilijifunza nimechelewa.

Troma ni neno la Kigiriki, maana yake jeraha. Mpaka leo madaktari wa upasuaji wanalitumia kwa aliyeumia kwenye ajali. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza kwenye mwongozo wake ugonjwa unaoweza kumpata mtu baada ya tukio la kutisha: tukio linamrudia usingizini na hata akiwa macho, anashtuka kwa jambo dogo, anakwepa kila kinachomkumbusha. Rudia hilo la mwisho. Kukwepa ni mojawapo ya dalili, na mimi ndicho nilichomwandikia kama dawa!

Dipresheni nayo ina jina la Kiswahili, sonona. Daktari haitaji sonona kwa sababu ya jioni moja mbaya. Anaangalia huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, nguvu kuisha, kujiona hufai. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Nick Haslam wa Australia aliandika jinsi maneno ya fani yake yanavyozidi kutanuka, mpaka yanabeba na maudhi madogo ya kila siku.

Sisemi tuyatupe. Bila maneno haya, kijana yule angeambiwa ana mashetani, au angeambiwa na sisi watu wa kanisani kwamba imani yake ni haba, asali rozari zaidi. Hilo nalo linaumiza, na bado tunalisema.

Lakini fikiria Kibiti yenyewe. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa risasi pale Mkengeni. Kabla na baada ya hapo wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa pia, bodaboda zikapigwa marufuku usiku, watu wakawa wanafunga milango mapema. Wapo watu wazima ambao mlio wa pikipiki usiku bado unawakosesha raha. Hawajui neno troma. Wanasema "moyo unanienda mbio", "usingizi umekata". Sisi wenye neno tunalimalizia kwenye mpira na wachumba, na mama wa namna hiyo akikaa karibu nasi, hatumsikii, kwa sababu hajasema neno letu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye nilimsoma kwa ajili ya mtihani tu, anajiuliza katika *Summa* huzuni inapozwa na nini. Anataja kulia, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, halafu bila aibu yoyote anataja usingizi na kuoga. Kwenye Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Eliya anaomba afe. Malaika anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamletea tena. Mahubiri hakuna hapo.

Aliyefanya hivyo kwa kijana wa Delta ni katekista wetu, mzee ambaye hata simu yake ni ya batani. Alimfuata nyumbani. Akamuuliza: "Mwanangu, unalala saa ngapi? Jana umekula nini? Umewahi kutamani usiwepo?" Hilo la tatu mimi nisingethubutu, nilidhani kuuliza ni kumpandikizia mtu wazo. Sivyo. Anayeulizwa kwa upendo mara nyingi hupata nafuu ya kusema. Kijana alikubali kwamba ndiyo, amewahi. Kesho yake asubuhi wakapanda bodaboda wote wawili mpaka hospitali, mzee akakaa naye kwenye benchi mpaka mchana. Daktari alimpa dawa na tarehe ya kurudi.

Ukikutana na mwenye jibu kama lake, usimwache peke yake siku hiyo, na usimwelekeze tu njia ya hospitali. Nenda naye.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Hakusema mengi. Alinichukua mpaka kwao Delta, akanionyesha ukutani mstari wa tope mahali maji yalipofika, juu kidogo ya kifua changu. Akaanza kusimulia usiku ule, nani alibebwa kwanza, mbuzi gani alibaki. Sikutoa ushauri wowote. Tulikosa boti ya kurudi.

Masika haya bado kuna usiku anaamka. Mvua ikiwa kubwa anakwenda kulala kwa katekista.