Sergio Alimwacha Marimar kwa Nani?

Wadogo zangu wa Kisangani, mmoja wenu ameniandikia toka Lubunga. Bwana wake amekwenda kuchimba dhahabu Bafwasende, huu ni mwezi wa saba. Yeye yuko kwa mama wa bwana, mama ambaye hata salamu hamjibu. Ananiambia atavumilia tu, kwa sababu Sergio wa Marimar naye mwishoni alibadilika.

Barua hiyo nimeisoma mara mbili, maana Sergio namjua. Marimar ni tamthilia ya Meksiko ya mwaka 1994, Thalía akiwa Marimar na Eduardo Capetillo akiwa Sergio Santibáñez. Mimi niliitazama kwa Kifaransa, sebuleni kwa jirani, na nikalia. Leo machozi yangu yana sababu nyingine.

Kumbuka alivyoanza. Sergio alimwoa msichana fukara wa pwani, asiyejua kusoma, ili amuudhi baba yake na mama wa kambo, Angélica. Mapenzi yalikuja baadaye, na ninaamini yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Moyo Sergio alikuwa nao. Kumsimamia mke wake ndiko kulikomshinda. Akaenda zake mjini kucheza mpira, mke akabaki mikononi mwa mwanamke anayemchukia. Yaliyofuata unayajua. Angélica alitupa bangili matopeni, akamlazimisha Marimar kuiokota kwa meno. Ikaja barua ya uongo kwa jina la Sergio. Kibanda kikachomwa moto, babu na bibi wakafia humo. Siku zote hizo Sergio alikuwa anapenda, mdogo wangu, na mapenzi yake hayakuzima hata kijinga kimoja cha moto ule.

Nitamtendea haki: barua ile hakuiandika yeye. Lakini tazama lini alianza kumheshimu Marimar mbele ya watu. Ni pale Marimar aliporudi akiitwa Bella Aldama, binti wa tajiri, amesoma, anavaa vizuri na kusema anavyotaka. Kazi yote ya kubadilika aliifanya Marimar. Sergio alivuna tu.

Basi usiniulize kama bwana wako anakupenda. Huenda anakupenda sana. Niambie amekuacha kwa nani, na kwa heshima gani. Mahari haijafika kwenu. Wazee hawajakaa pamoja. Komini hakuna karatasi, wakati sheria yetu ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ndoa ya ukoo iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Mbele ya mama huyo wewe ni mgeni anayepika na kufua. Tena unasema habari za bwana unazisikia kwa mama huyo tu: leo amesema hivi, kesho amesema vile. Hiyo ndiyo barua ya Angélica! Usiiamini kabla hujaisikia sauti ya mwenyewe. Wachimbaji wanatoka msituni kununua chakula. Mtume mmoja wao na ujumbe, umwambie bwana akupigie simu atakapofika penye mtandao.

Halafu usimngoje hapo. Muage mama mkwe kwa adabu, funga nguo zako, panda mtumbwi uvuke urudi kwa mama yako Mangobo. Bwana akitoka Bafwasende, aje na wajomba zake; mlango wa kwenu anaujua.