KUMKUMBUKA BABA WA NYUMBA ALIYELALA

Somo kwa waalimu wa sharika na kwa kila nyumba ya Kikristo

Masomo: Mwanzo 49:28 hata 50:21, Matendo ya Mitume 9:36–42, Yohana 19:25–27.



Baba mwema wa nyumba akilala katika Bwana, watu wa milima yetu hujua la kufanya. Majirani huleta kuni na maji, ndizi na maharage. Vijana huchimba kaburi. Wanawake hukaa na mjane usiku kucha. Kazi hizi ni njema, wala hapana haja ya kuzifundisha hapa. Walakini matanga yakiisha kuanuliwa, kila mtu hurudi kwake, ndipo linapokuja swali: Tutamkumbukaje baba huyu? Wengine husema, tumjengee kaburi la saruji. Wengine husema, tufanye karamu kubwa. Na pengine waliolia sana siku ya maziko ndio wa kwanza kuhesabu migomba ya marehemu. Basi na tuliangalie jambo hili katika nuru ya Neno la Mungu.

I. Kulia si kukosa imani

Yakobo alipokufa, Yusufu alimwangukia baba yake usoni, akamlilia. Wamisri walimwombolezea siku sabini, tena watu wakaomboleza siku saba huko Atadi. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Kwa hiyo mwalimu asiwakemee watoto wanaomlilia baba yao, kana kwamba machozi ni ya watu wasiomjua Mungu. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Hizo ni habari mbili mbalimbali.

II. Hofu ya ndugu zake Yusufu

Yakobo alipokwisha kuzikwa, ndugu zake Yusufu waliogopa. Waliona kwamba baba ndiye aliyekuwa ukuta kati yao na ndugu yao, na sasa ukuta umeanguka. Je, hatatulipa ubaya tuliomtenda? Nasi twaijua hofu hii. Katika nyumba nyingi baba ndiye aliyewashika watu pamoja. Akiondoka, maneno ya zamani hufufuka.

Yusufu alifanya nini? Alilia, akasema nao kwa upole, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Maombolezo ya Misri yalikuwa na magari na wapanda farasi, lakini heshima kubwa kuliko hayo yote ni hii, kwamba wana wa Yakobo walikaa pamoja baada yake.

III. Habari iliyotokea Vuga

Hatuna haja ya kwenda Misri kutafuta mfano. Wazee wa Usambara walimkumbuka mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Vuga, ambaye mmisionari Krapf alimfikia mwaka 1848, tena mwaka 1852. Kimweri alikuwa na watoto wengi, akawaweka kutawala sehemu za nchi yake. Naye alipokuwa hai, nchi ilitulia.

Alikufa mwaka 1862. Kiti akapewa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, aliyetawala Mazinde chini ya mlima, penye njia ya misafara, hakukubali. Miaka michache tu ikapita, vita vikawaka kati ya watu wa nyumba moja. Vuga ikapigwa, na watu wengi wasio na hatia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Wakuu waliogombea kiti walikuwa wa damu ya Kimweri, na kila mmoja aliweza kujisifu kwa jina lake. Walilishika jina la baba, wakaiharibu nyumba ya baba. Na tujihadhari, maana hata shamba dogo la maharage laweza kuwa Vuga.

IV. Daftari ya baba mmoja

Nilikuwapo katika kikao cha ukoo katika kijiji kimoja cha milima hii, baada ya kumzika baba mmoja aliyependwa na wote. Penye kaburi tulisikia sifa zake: alikuwa mpole, mcha Mungu, hakulala pasipo kuomba na watoto wake. Siku chache baadaye ndugu yake mdogo alisema, “Mashamba haya ni ya ukoo, shemeji na arudi kwao.” Mjane aliinamisha kichwa, asijibu neno.

Ndipo binti mkubwa alipoondoka, akaleta daftari kuukuu ya baba yake. “Baba mdogo,” akasema kwa adabu, “nakuomba usome.” Ndani yake marehemu aliandika alichodaiwa na alichotoa: karo za watoto wake, na karo za watoto wa ndugu yake yule miaka mitatu, dawa za mama yao, na palizi za mashamba, nyingi zikiwa na jina la mkewe kando. Yule ndugu alisoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, akaifunga daftari. Hakusema mengi. Alisema, “Shemeji, kaa kwako.”

Msomaji atakumbuka wajane wa Yafa, ambao Dorkasi alipokufa walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Kazi ya mikono ilisema kuliko maneno ya sifa.

V. Mjane na yatima

Bwana wetu akiwa juu ya msalaba alimpa mama yake mahali pa kukaa, katika nyumba ya mwanafunzi aliyempenda. Ikiwa yeye aliyebeba dhambi za ulimwengu hakusahau habari ya makao ya mama yake, sisi tutatoa udhuru gani?

Wengine hujitetea kwa mila. Lakini katika mila ya zamani ya Washambaa kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba aliyogawiwa na mumewe, na watoto wa nyumba ile ndio walioyarithi. Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, au mtoto, au mlemavu haki yake ya ardhi haina nguvu. Basi anayemfukuza mjane asijifiche nyuma ya wazee, wala asijifiche nyuma ya sheria.

VI. Ukumbusho ulio halali

Hatuwatolei wafu tambiko, wala hatuwaogopi, maana wamo mikononi mwa Mungu. Lakini kuwakumbuka hatukukatazwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 21, lafundisha kwamba twaweza kuwakumbuka watakatifu, ili tuifuate imani yao na matendo yao mema.

Tunao mfano karibu nasi. Askofu Sebastian Kolowa, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, alifariki mwaka 1992. Yeye aliwajali sana watu wenye ulemavu. Chuo kilipoanzishwa Magamba, karibu na Lushoto, mwaka 2007, kilipewa jina lake, na kazi ya kuwaandaa waalimu wa watoto wenye ulemavu ikawa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Hivyo jina lilifungwa pamoja na kazi aliyoipenda.

VII. Yatupasayo kutenda

Kwanza, baba aliye hai aandike wosia mbele ya mashahidi, tena aseme wazi juu ya madeni yake. Pili, ukoo umchague msimamizi wa mirathi aliye mwaminifu, naye apeleke habari mahakamani, asigawe kitu gizani. Tatu, karamu isizidi uwezo wa nyumba; mjane asiachiwe deni la nyama walizokula wengine. Nne, mwalimu wa usharika arudi nyumbani kwa marehemu baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita, wakati ambapo wageni hawaji tena. Tano, watoto waendeleze sala ya jioni saa ile ile aliyoishika baba yao.

Maswali ya kujifunza

1. Ndugu zake Yusufu waliogopa nini, naye aliwajibuje?
2. Wana wa Kimweri walilishika nini la baba yao, wakapoteza nini?
3. Katika usharika wako, ni mjane gani ambaye hajatembelewa tangu matanga yaanuliwe? Ni nani atakayekwenda kwake juma hili?