Machungwa machungu uani

Swali: Nyumba tuliyohamia Muheza ina mti uani unaozaa matunda kama machungwa, ila ni machungu mno. Ni mti gani?

Jibu: Naamini ni mdanzi. Chuma jani utazame kikonyo chake: cha mdanzi kina mbawa pana, kama jani dogo lililobandikwa chini ya kubwa. Kata danzi lililoiva. Ganda ni nene, lina vipele, na katikati ya tunda mna uwazi. Chunguza pia shina karibu na ardhi. Ukiona kovu la kubebesha, basi huenda mchungwa wa juu ulikufa, yakabaki machipukizi ya mti wa chini. Tafadhali usiukate! Danzi hutoa jamu na achari nzuri sana, na mti ukiwa mzima unaweza kubebeshwa upya.